Mtaalamu wa Uvumi Wangu Mwenyewe

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Msihangaike kumtafuta mwingine. Beni ina watu wengi na Butembo ina watu wengi zaidi, lakini kiti cha mjinga Jumatatu ile kilikaliwa na mtu mmoja tu, kavaa koti la kufundishia na tai iliyomkaba shingo.

Aliyekosa gazeti wiki jana, namfupishia. Jina langu Éphraïm, assistant wa chuo kikuu kimoja hapa Butembo. Nachunguza jinsi maneno ya wanasiasa, ya redio na ya simu yanavyoingia vichwani mwa watu na kuwageuza roho. Thèse yangu, kitabu cha kumaliza masomo ya udaktari, ina miaka sita, umri wa mtoto anayeanza primaire. Kule Bulengera ninakokaa, majirani wamesikia naitwa docteur, basi wananiletea watoto wenye kikohozi.

Kwa ajili ya thèse hiyo nilitunga uvumi. Nilitaka kujua kitu kimoja: watu wanaogopa zaidi wakiambiwa habari na sauti ya mgeni, au na sauti ya mtu kama dada yao? Nikaandika mistari saba. Vita sikuvigusa. Chanjo sikuigusa. Serikali niliiogopa. Nikajisemea, samaki watamdhuru nani? Nikaandika kwamba samaki wa Kyavinyonge, wale tilapia wanaotoka ziwani kila wiki, wametiwa sumu.

Mistari hiyo ikasomwa na watu wawili. Wa kwanza mwanaume mmoja mwenye sauti ya redio. Wa pili dada yangu mkubwa, Kyakimwa, mwalimu wa shule ya msingi kule Beni, commune ya Bungulu. Sikumwambia ni ya nini. Nilimdanganya kwamba ni zoezi la kuwafundisha wanafunzi kusoma vizuri. Kyakimwa husoma matangazo kanisani kila Jumapili baada ya komunyo, mwaka wa kumi na moja huu. Mapadri wanahamishwa, yeye anabaki. Bungulu nzima inaijua sauti yake.

Nilitaka sauti ya kuaminika. Niliipata.

Siku ya jaribio umeme ukakatika, spika yangu ikawa pambo la mezani. Nikaona nisipoteze siku. Nikawatumia wanafunzi arobaini zile sauti kwenye simu zao, nusu hii, nusu ile. "Musikilize, mujaze karatasi, kisha mufute." Wote arobaini wakainua mkono kwamba wamefuta. Nikaandika kwenye daftari: utii, asilimia mia.

Kwamba ni jaribio tu, sikuwaambia. Nilipanga kuwaambia baada ya siku saba, kwa sababu nilitaka kupima kama hofu inadumu wiki nzima.

Ilidumu.

Siku ya sita ilikuwa Jumapili. Kyakimwa akasimama kusoma matangazo ya ndoa. Hakumaliza hata jina la bwana arusi, kanisa zima likainua macho kumtazama. "Ni yeye! Ni ule wa samaki!" Akanipigia simu kutoka sakristia. "Éphraïm, ulinisomesha nini?" Halafu simu ikakatika, na kila nilipopiga tena haikupatikana.

Hapo ndipo niliwaacha. Sasa twende Beni.

Jumatatu, saa moja asubuhi, nilikuwa juu ya pikipiki ya Zorobabel, motard wa pale Bulengera, mtu wa kusema kuliko injini yake. Mimi huwa namjibu. Siku hiyo nilikuwa nimeshika chuma cha nyuma kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto.

Tulipofika Maboya akasimama, akavua kofia, akatoa simu.

"Docteur, ile audio ya samaki ulishaisikia?"

"Audio gani?"

"Ah! Wewe unafundisha batu mambo ya habari na hii haujaisikia? Ngoja."

Akaiweka juu kabisa. Ndipo sauti ya dada yangu ikatoka pale kando ya barabara, mbele ya wauza ndizi: "Bamama, munanijua, sinabadanganyaka. Samaki zenye zilitoka Kyavinyonge, gari ilipita Butembo, ziko na sumu. Batu tano banalala ku hopitali. Tumia hii bengine mbele ya jioni…"

Muuza ndizi mmoja akafanya ishara ya msalaba.

"Unasikia vile analia?" Zorobabel akasema. "Mama wa batu. Analia kabisa."

"Halii. Ana mafua."

Zorobabel akanigeukia.

"Ulijua aje?"

Ni kweli alikuwa na mafua. Nilikuwa nimeketi mbele yake siku ya kurekodi, nikimpa kitambaa apenge kamasi.

"Nasikia tu," nikasema. "Ni kazi yangu."

"Kazi yako nzuri sana, docteur. Mie nilisikia machozi, wewe unasikia kamasi." Akacheka, akavaa kofia. Kisha akaacha kucheka. "Mais huyu mama bamemupata, unajua? Jana. Vijana ba soko banasema yeye anasomaka tu, kuko mutu alimutuma. Na huyo mwenye alimutuma, banasema pneu yake iko tayari."

"Tairi? Ya nini?"

"Docteur, na wewe! Pneu. Ya kumuvalisha ku shingo, kisha bawashe moto."

Katika uchunguzi wangu watu hupima hofu yao kutoka moja mpaka kumi. Nilikuwa nimewauliza watu mia tatu swali hilo, nami sijawahi kujiuliza hata mara moja. Pale Maboya nilijipa nane, na bado hatujapanda mlima wa Kabasha.

Bungulu nilikuta mlango wa Kyakimwa umefungwa kwa kufuli, na mtu kaandika kwa mkaa ukutani: SUMU. Alikuwa ameandika vizuri, herufi za mwanafunzi aliyefundishwa na mwalimu mzuri. Huenda ni yeye aliyemfundisha.

"Usitafute hapa," Zorobabel akasema. Alikuwa ameshaulizia kwa wenzake wa pikipiki. "Bamemupeleka ku bureau ya usalama. Banasema ni juu ya kumulinda. Docteur, huyu mama ni nani wako?"

"Ni… mtu wa utafiti wangu."

Ndiyo, wasomaji. Nilisema hivyo. Maziwa ya mama mmoja tulinyonya, nikamwita mtu wa utafiti.

Harufu ya bureau ile ilitufikia kabla ya jengo lenyewe. Wanawake kama sitini walikuwa wameketi chini mbele ya lango, kila mmoja na beseni lake. Ndani ya beseni, samaki wa siku tano. Hawakuwa wakipiga kelele. Walikuwa wameleta samaki wao wanuke pale mlangoni mwa serikali, basi, na serikali ilikuwa imefunga madirisha yote.

Nyuma yao, kando ya ukuta, vijana walisimama wakiwa wameweka mikono mifukoni. Tairi sikuliona. Sikulitafuta pia.

Mama mmoja mnene mwenye kilemba cha kijani alinyanyuka akanizuia njia.

"Wewe nani?"

"Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu, mama. Kutoka Butembo."

"Mie Florentine. Hawa bote ni bamama bangu ba samaki. Unafundishaka nini kule?"

"Mawasiliano."

"Mawasiliano!" Akawageukia wenzake. "Bamama, bametuletea mawasiliano!" Wakacheka kicheko kikavu. "Ingia, papa. Ingia ubafundishe, maana tangu jana hakuna mutu hapa ndani anatuambia kitu. Na umuambie chef maneno yangu: sisi bamama hatutafute damu. Tunatafuta ukweli, tuende tuuzishe. Mais bale vijana," akanyoosha kidevu kuelekea ukutani, "mie naweza kubashika mpaka saa sita. Kisha saa sita, mikono yangu itachoka."

Ilikuwa saa nne na robo.

Mkuu wa bureau alikuwa bwana Ilunga, mtu mrefu wa Kamina, mwaka wa pili tangu atumwe huku, aliyekuwa ameziba pua kwa leso yenye manukato. Nilikuwa nimejiandalia njiani maneno ya kusema. Maneno yalikuwa haya: mimi ni kaka yake, mimi ndiye niliyeandika, mwachilieni. Niliyarudia tangu Kabasha. Yalikuwa mafupi, mtoto angeweza kuyasema.

"Bwana mkubwa," nikaanza, "mimi ni Éphraïm, assistant wa chuo, nachunguza mawasiliano ya kisiasa na saikolojia ya…"

Ilunga akaruka kitini.

"Ya nini? Ya uvumi?"

"Ya… ndiyo, na uvumi pia."

"Mungu wangu! Bamekutuma?" Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Docteur, tangu juzi minaomba banitumie mutu mwenye kujua hii mambo! Bibi yangu iko Kamina, kilometa hazihesabike, naye alinitumia hii audio! Anauliza kama minakula samaki! Ikala, docteur. Ikala hapa."

Nikaketi. Ningefanya nini? Mtu anakuvutia kiti, unaketi. Maneno yangu ya Kabasha yakaketi nami, yakajificha chini ya kiti.

Ilunga akafungua daftari.

"Niambie. Mutu wa namna gani anaweza kutengeneza kitu kama hii?"

Niliogopa kunyamaza. Mtu anayenyamaza hutazamwa usoni. Nikaanza kusema.

"Ni mtu aliyesoma. Maneno yamepangwa. Kwanza hataji jina, anasema 'munanijua', na kila anayesikia anamtafuta mwenyewe kichwani mwake. Pili anataja hospitali, na wagonjwa watano. Angesema mia, watu wangebisha. Tano ni wachache, wanaaminika. Tatu, anawapa watu kazi: watume kabla ya jioni. Mtu ukimtia hofu halafu ukampa kazi, haulizi tena. Anafanya."

Ilunga alikuwa akiandika hadi kalamu inalia.

"Aiii. Mutu mubaya sana. Alisoma mpaka wapi?"

"Mbali kidogo."

"Universitaire?"

"Labda."

"Wa hapa Beni?"

"Hapana, wa Butembo."

Kinywa changu, wasomaji, hakijawahi kuwa rafiki yangu. Ilunga akainua kichwa polepole.

"Umejua aje ni wa Butembo?"

"Kwa sababu… anasema gari lilipita Butembo. Mtu wa Beni asingejali gari limepita wapi. Angesema tu samaki wamefika."

Akanitazama. Akatazama daftari. Kisha akapiga meza kwa kiganja, nami nikaruka.

"Docteur, wewe unamujua huyu mutu kama vile munalalaka kitanda kimoja!"

Akacheka. Nami nikacheka, kwa sauti kuliko yeye.

Ndipo simu yangu ikalia. Ilikuwa jina la Profesa Hippolyte, msimamizi wa thèse yangu. Nikaomba ruhusa nikatoka koridoni.

"Éphraïm, uko wapi?"

"Beni, Prof. Ku bureau ya usalama."

"Umesema nini?"

"Bado."

"Basi baki hapo hapo kwenye bado. Unanisikia? Soutenance yako, siku ya kuitetea thèse, ni tarehe kumi na nane. Mjumbe mmoja wa jury anatoka Kinshasa. Ukifungua mdomo leo, hakuna soutenance, hakuna thèse, hakuna kazi. Na protocole ya jaribio ina saini mbili chini, yako na yangu."

"Prof, wamemshika dada yangu. Nje kuna watu."

Nilimsikia akivuta pumzi. Profesa Hippolyte si mtu mbaya. Alinifundisha yote ninayojua, na alisoma ule mpango wangu wa siku saba, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: très bien, vizuri sana.

"Sikiliza," akasema. "Siku hizi machine inaweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Kila mtu anajua, hata kama hajaona. Wewe si mtaalamu? Andika kwamba sauti hiyo imetengenezwa na ordinateur. Saini. Dada anatoka, wewe unarudi, samaki wanauzwa. Nani anaumia?"

Nani anaumia. Nilikuwa nimejiuliza swali lile lile kuhusu samaki, siku naandika ile mistari saba. Nililikumbuka hilo pale koridoni. Nililikumbuka vizuri kabisa, halafu nikarudi ndani, nikamfikishia Ilunga ile saa sita ya mama Florentine, nikamwambia: "Chef, kuna jambo. Nadhani ile sauti si ya mtu."

Hakika sijawahi kumwona ofisa akifurahi hivyo. Aliniona kama mtu aliyemletea mvua. Machine! Machine haina mtaa, haina kabila, haina ndugu wa kuja kupiga kelele. Machine huwezi kuivalisha tairi.

"Uandike, docteur! Uandike, mie nitagonga cachet, muhuri ya serikali, tunasoma pale nje mbele ya saa sita, kila mutu anaenda kwake!" Akapaza sauti kuelekea mlango wa pili. "Lete yule mama!"

Kyakimwa akaingia.

Alikuwa bado na kitenge chake cha Jumapili. Mguuni alikuwa na kiatu kimoja. Cha pili kilibaki kanisani au njiani, sikuuliza. Alikuwa amelala juu ya benchi, mistari ya mbao ilikuwa imejichora shavuni. Mafua bado alikuwa nayo.

"Madame," Ilunga akasema kwa furaha, "huyu ni mutaalamu. Ametoka Butembo juu yako."

Kyakimwa akanitazama kuanzia tai mpaka viatu.

"Minamujua," akasema. "Ni mutoto wa mama yangu."

Ilunga akashusha leso puani.

"Docteur! Ni dada yako? Haukuniambia."

"Hukuuliza, chef."

Akafikiri. Niliona akipima vitu viwili: karatasi ya mtaalamu ambaye ni ndugu ya mshukiwa, na harufu ya mabeseni sitini. Harufu ikashinda.

"Bon. Ndugu ao si ndugu, diplôme ni diplôme. Minawapatia dakika tano. Minaenda kutafuta cachet na kumuita ule mama wa samaki asikie mwenyewe."

Mlango ukafungwa. Tukabaki wawili.

"Wabukire, yaya," nikasema. Ndivyo tunavyosalimiana asubuhi tangu utotoni, na yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Baliniuliza tangu jana," akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Nilibaambia karatasi ililetwa, nikasoma. Mwenye aliileta, sikumutaja."

"Wasingya, yaya. Wasingya sana."

"Hapana kunishukuru. Sikukuficha. Nilikungojea."

Nikavuta kiti karibu na benchi aliloketi, nikamweleza haraka haraka, kwa kunong'ona. Machine. Karatasi. Cachet. Saa sita. Nilimwambia kama ninavyowaambia wanafunzi, hatua kwa hatua, na kadiri nilivyosema niliona jinsi mpango ulivyo mzuri. Hata mimi nilianza kuuamini.

"Donc," akasema nilipomaliza, "mie sikusoma kitu."

"Hukusoma."

"Ni machine iliniiga."

"Ndiyo."

"Na Jumapili yenye inakuya, nikisimama pale mbele?"

"Utasoma kama kawaida, yaya. Watu watakuhurumia."

"Éphraïm." Akajifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Mwezi wa tatu nilisoma pale, padri alinipatia karatasi, kwamba batu bote benye mashamba upande wa mashariki basilale kule ile wiki, maana waasi banakuya. Unakumbuka? Balitoka usiku ule ule. Hawakuuliza nani alisema. Kyakimwa amesoma, basi, baliweka batoto mugongoni, balitoka. Siku ingine nikisoma vile, batasema nini? Batasema, ngoja kwanza, pengine ni machine. Na batalala kule."

Nilikuwa na takwimu.

"Yaya, hofu haidumu. Wataalamu wamepima. Baada ya siku ishirini na moja inashuka kwa nusu. Watu wanasahau."

"Na samaki ba mama Florentine batafufuka siku ya ngapi?"

"Nikisema ni mimi, wataniua! Umewaona wale vijana? Wana tairi!"

Hapo sauti yangu ikavunjika, naye akaona. Kwa mara ya kwanza uso wake ukalainika. Akaweka kiganja juu ya mkono wangu, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa watoto na radi inapiga juu ya bati.

"Unaogopa sana?"

"Tisa," nikasema. Ilinitoka tu.

"Tisa nini?"

"Si kitu."

"Mie pia naogopa. Mais hapa kuko mlango, kuko chef, kuko basoda na bunduki. Ukimuambia chef hapa ndani, atakutosha, utoke na gari kwa mlango wa nyuma. Hawatakugusa. Thèse yako itakufa, ni kweli. Wewe utabaki." Akaondoa mkono. "Uniambie basi. Utasema?"

Nilifungua mdomo. Nawaapia nilikuwa nasema ndiyo. Herufi ya kwanza ilikuwa mdomoni.

Mlango ukafunguliwa.

Ilunga aliingia na cachet mkononi na karatasi ambayo karani wake alikuwa ameshaniandikia na kuipiga chapa. Nyuma yake mama Florentine, na harufu yake pamoja naye. Akasimama katikati ya chumba, akakunja mikono juu ya kifua.

"Saa tano na dakika makumi tatu," akasema. "Vijana bananiuliza kila dakika. Munisomee."

Ilunga akaniwekea karatasi mezani, akanipa bic yake. "Docteur, soma, kisha saini pale chini."

Nje mtu alipiga mluzi, na mwingine akaitikia mbali kidogo. Basi lile ndiyo la mdomoni nikalimeza. Nikachukua bic. Nikasoma.

"Mimi niliyesaini hapa chini, mtafiti wa mawasiliano na saikolojia ya vyombo vya habari, nathibitisha kwamba sauti iliyosambaa katika simu kuhusu samaki wa Kyavinyonge si sauti ya binadamu. Imetengenezwa na machine. Madame Kyakimwa hana…"

"Ngoja," mama Florentine akasema.

Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akimtazama dada yangu, kiatu chake kimoja, shavu lake lenye mistari.

"Mwalimu," akasema taratibu. "Ulinifundishia batoto batatu. Wa mwisho alikuwa haseme, ulimusemesha wewe. Sasa mie sijue mambo ya machine. Nakuuliza weye mwenyewe, mbele ya Mungu. Ile sauti ni yako ao si yako?"

"Mama," nikadakia, "swali hilo ni la kisayansi, haliwezi kujibiwa hivi hivi na mtu ambaye…"

"Docteur, nyamaza kidogo," Ilunga akasema.

"Nasema tu kwamba kitaalamu, sikio la mtu linaweza kudanganywa, hata sikio la mwenye sauti. Kuna uchunguzi umefanyika juu ya jambo hilo. Yaya, waeleze. Ulikuwa na mafua siku ile, hukumbuki vizuri…"

Nikajisikia nikisema hivyo. Siku ile. Nikamwona Ilunga akiangalia daftari lake, akiangalia karatasi, akiniangalia mimi. Nikakaza vidole kwenye bic, nikaishusha kuelekea mstari wa saini kabla mtu hajasema lolote.

Kyakimwa akanyanyuka kutoka benchini. Kwa mguu mmoja wenye kiatu na mmoja mtupu alikuwa amepinda kidogo upande, lakini sauti ilipotoka ilikuwa ileile ya Jumapili, ya mbele ya kanisa, inayofika hadi kwa wanaosimama mlangoni.

"Sauti ni yangu, mama Florentine. Maneno, muulize huyu mwenye kushika bic ya chef."